Mzee Dieter Amerudi Kwao

Al-Mahjar, Jeddah

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeliacha goti lipone kabla ya kurudi shambani, na dada Ndeshi hakufichi akizikosa dawa zako. Mimi ni mzima. Joto ni lile lile la kila mwaka, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imeshahuishwa, kwa hiyo usihangaike na habari za makaratasi.

Uliniuliza kwenye simu kama yule mzee wa Kijerumani bado yupo kazini. Hayupo. Niliona kwa simu habari yake isingekaa vizuri, ndiyo maana naandika.

Kiwanda chetu kinatengeneza kinywaji cha kimea kisicho na pombe. Wewe unatumia kimea cha ulezi kwenye mbege yako. Hapa ni cha shayiri, na hakiachwi kichachuke. Mzee Dieter aliletwa na bosi kusimamia mitambo, mimi nikawa fundi wake. Kwao wana kiwanda cha bia tangu enzi za babu wa babu yake. Siku zote nilidhani alifuata mshahara huku.

Mwezi uliopita tulitumwa Riyadh kufunga mashine mpya. Njia ni ndefu, jangwa tupu, na mzee ambaye kwa kawaida husema "yalla", twende, na "halas", basi, tu akaanza kuzungumza. Alipotoka chuoni, kijana, alimkuta baba yake bado anatengeneza bia kwenye mapipa ya mbao. Akamwambia yanashika uchafu, bia inaharibika, wateja wanakimbia. Baba akakataa kuyabadili. Dieter akaleta matangi ya chuma, majokofu na mashine ya kujaza chupa. Mapipa akayakata kwa msumeno uani, baba akimtazama kutoka dirishani.

"Kiwanda kikapona," aliniambia. "Bia yetu ikafika miji ya mbali. Lakini baba hakuionja. Alikuwa ananunua ya jirani, mpaka anakufa."

"Uliwahi kumwomba aionje?"

"Sikumwomba. Nilijua niko sahihi." Akawasha redio.

Riyadh tulifikia mtaa wa Batha. Mchana mmoja tulikuwa tunakula wali kwenye mgahawa wa Wayemeni, binti yake Ulrike akapiga simu. Yeye ndiye anayeendesha kile kiwanda sasa. Kijerumani sikielewi, lakini mzee alipandisha sauti mpaka watu wakageuka. Alipomaliza, akasukuma sahani.

"Anayaondoa matangi yangu. Anasema ni makubwa mno, watu hawanywi tena kama zamani. Anataka madogo, atengeneze bia isiyo na pombe. Kama hii yetu ya huku!"

"Umemjibu nini?"

"Kwamba ni upuuzi. Nimemkatia simu."

Nikamuuliza, "Na hiyo bia yake, mzee, utaionja?"

Nilijua nitatukanwa.

"Kula, Eli," akasema. Yeye hakula tena.

Tuliporudi Jeddah alikwenda moja kwa moja kwa bosi kuomba viza ya kutoka. Bosi hakutaka, mkataba ulikuwa haujaisha. Walibishana mlango ukiwa wazi, sote tunasikia. Mwishowe Dieter akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu anakata matangi yangu. Nataka niwepo." Bosi naye ana mabinti. Akaita karani aandae karatasi.

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Alinikabidhi funguo za maabara, akaniambia nisikubali mtu aguse kipimo cha joto, akaenda zake.

Jana amenipigia. Matangi yamekatwa, na yeye ndiye aliyeshika ngazi.

"Na bia ya Ulrike?" nikauliza.

"Mbaya. Kama maji ya kuoshea chupa." Nikasikia mwanamke anacheka karibu yake. "Nikamaliza glasi, Eli. Nikaomba nyingine."

Kwa sasa kazi yake naifanya mimi. Kama nitapewa na cheo chake, sijui, bosi hajasema.

Msalimie dada Ndeshi anayekutunza, mjomba seremala, na mama mkubwa wa kule juu kanisani. Mwambie shemeji kitambaa alichoniagiza nimekipata Batha, rangi ndiyo aliyoitaka.

Gari la kiwandani linapiga honi nje.

Mwanao,
Eliakimu