Nilipompima mama mkwe chini ya kitovu

Bariadi, Jumanne jioni. Kiangazi kimeshika, upepo unapasua midomo, na malori ya pamba yamemwaga nyuzi nyeupe barabarani toka asubuhi. Nimechoka na nina hasira, na safari hii siwezi kuisingizia mashine.

Kwa mgeni aliyepotea njia akaangukia kwenye blogu hii (mke wangu anadai wasomaji wangu ni watatu, na wawili kati yao ni yeye): mimi ni mpimaji wa altrasaundi hospitalini. Mwenzangu tuliyekuwa naye yuko masomoni Mwanza. Kwa sasa, ukitaka kuonwa ndani ya mwili bila kupasuliwa, utaonwa na mimi, mzee wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Leo saa mbili asubuhi nilimdanganya daktari. Saa sita mchana niliukana uongo wangu mbele ya watu.

Mgonjwa ni mama mkwe wangu, mkulima wa pamba wa Mwandoya, mwanamke ambaye mpaka mwaka jana alikuwa anabishana na wanunuzi kwenye mizani mpaka wanazima redio wamsikilize. Homa ilimwanza mwezi uliopita. Shemeji yangu Masanja, kaka wa mke wangu, alimpeleka kwanza kwenye kituo cha watu binafsi hapa mjini. Tangu vituo kama hivyo viruhusiwe kila mtaa una mashine yake. Kibao cha hao kimeandikwa "Tumbo Zima", kana kwamba kuna mteja anayeleta nusu. Wakasema hana tatizo. Siku tatu baadaye akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, ndipo wakamleta kwetu. Damu yake ilipooteshwa maabara, ikaota bakteria.

Dawa ya mshipa ikashusha homa siku nne, ikarudi. Ikabadilishwa dawa. Ikashuka, ikarudi.

Daktari wetu, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu, aliniita leo asubuhi. "Mzee, hawa wadudu wana ghala mahali. Nawaua kwenye damu, ghala linatoa wengine. Kifua nimepiga eksirei, ni safi. Mkojo safi. Wewe umepima kila mahali?"

Nikasema ndiyo.

Sikupima kila mahali.

Nieleze, maana wasomaji wa Dar watanicheka. Kwetu Usukumani mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawali pamoja. Nikimwona anakuja kwenye njia, mimi ndiye ninayeingia kwenye miiba. Miaka thelathini ya ndoa, yeye na mimi tumeongea kupitia kwa mke wangu Milembe, hata tukiwa tumekaa hatua tatu. "Mwambie mumeo ng'ombe wake wamevunja boma." Namsikia vizuri kabisa, lakini nasubiri Milembe aniambie.

Sasa mtu kama huyo analetwa kwenye chumba changu chenye giza, nimpake jeli tumboni.

Nilimpima mara mbili. Mara zote Milembe alikunja kanga upana wa kiganja, juu ya kitovu tu. Mimi uso nimeugeuzia kwenye skrini, mkono unapapasa kama mwizi wa mayai. Ini, nyongo, figo, wengu, dakika tano, nimemaliza. Kwenye ripoti nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hakuna kasoro. Sikuandika nilipoishia. Wagonjwa wengine wenye bakteria kwenye damu nawatafuta chanzo toka shingoni mpaka unyayoni. Huyu nilimheshimu.

Nilimheshimu karibu nimuue.

Saa sita Masanja akafika na gari aliloazima. Alikuwa na godoro nyuma. Alisema mama amechomwa sindano za kutosha, anarudi Mwandoya akapumzike kwake. Sote tulijua kupumzika kwa namna gani. Daktari akamwomba asubiri, Masanja akamkatalia kwa adabu. Akamwambia hata picha zimesema mama hana kitu ndani, na aliyepiga picha ni mtu wa nyumbani, atadanganya kwa faida gani?

Hapo ndipo iliponichoma. Ripoti yangu ndiyo ilikuwa inampakia mama kwenye gari.

Nikasimama mlangoni mwa wodi. Ule mlango ni mwembamba na mimi nimeshasema nina kitambi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kimefaa. Nikasema: ripoti ni ya uongo, sikupima chini ya kitovu wala mgongoni, niliona haya. Haondoki mtu hapa mpaka nimpime upya.

Masanja akanitazama kama nimevua nguo. "Shemeji, unataka kumwona mama yetu?"

"Nataka kuona ugonjwa wake."

"Hilo litaitishiwa kikao."

"Kiitisheni. Lakini kwanza nipishe."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa. Muulizeni mfanyakazi yeyote wa pale.

Chumbani tuliingia wanne: mama, Milembe, daktari na mimi. Nikavunja jambo la pili. Niliongea naye moja kwa moja. "Mayu," nikamwambia, yaani mama kwa Kisukuma, "leo napima kila mahali. Na panapouma unaniambia wewe, kwa mdomo wako."

Akauambia ukuta: "Milembe, mwambie mumeo afunge mlango. Na asinigeuze kama ng'ombe wa mnadani, nitageuka mwenyewe."

Akageuka mwenyewe, kwa shida, akaweka mkono kwenye tako la kulia. "Hapa. Toka zile sindano za malaria nilizochomwa duka la dawa kule nyumbani."

Daktari akashika kichwa. "Mama, wiki zote mbili hizi, mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya nani, na mpimaji ni mkwe?"

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaoheshimiana. Yeye alikuwa anakaa upande mmoja kitandani, anachechemea kwenda msalani, wauguzi wanasema ni uzee. Nilimwona akichechemea. Nikapisha njia.

Juu ya ngozi hapakuwa na kitu, hata wekundu. Nikashusha kichwa cha mashine, nikaongeza kina cha picha. Chini kabisa ya nyama, karibu na mfupa, likatokea ziwa jeusi lenye chembe zinazoelea. Nikibonyeza, chembe zinazunguka kama maji ya lambo ng'ombe wakishaingia. Nililipima urefu na upana. Daktari akainama karibu na skrini, akatoka mbio kuandaa chumba cha upasuaji.

Ulitoka usaha wa kujaza jagi.

Sijashangilia, na nisisomwe kama nashangilia. Saa kumi jioni joto lake lilikuwa bado juu. Daktari kasema ghala limevunjwa, sasa dawa zina nafasi ya kufanya kazi, lakini damu imechafuka kwa siku nyingi na hamwahidi mtu yeyote kitu. Siku mbili tatu zijazo ndizo zitakazosema. Siku hizo ningeweza kumpa mapema. Zilikuwa mkononi mwangu, na jeli ilikuwepo.

Jioni kabla ya kutoka nilifungua daftari la ripoti. Chini ya zile mbili za mwanzo nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Mgonjwa hakupimwa chini ya kitovu wala mgongoni. Kosa ni la mpimaji." Nikasaini. Mkuu wa kitengo akaniambia najitafutia barua ya onyo. Nikamwambia waniandikie kwa herufi kubwa, miwani yangu mbovu.

Masanja ameondoka na godoro lake bila kuniaga. Ametuma ujumbe kwamba kikao ni Jumapili, Mwandoya, wazee wote, nije nijieleze jinsi nilivyomvunjia mama heshima. Milembe aliusoma mara mbili, akarudishia kaniki yake begani, akaniuliza:

"Uliona nini mle?"

"Usaha."

"Basi hicho ndicho utakachowaambia."

Jumapili nitakwenda. Sitatuma mshenga wala sitasingizia zamu. Nitawaambia niliona usaha, na kesho nikiletewa mama mkwe wa mtu mwingine, au wangu tena, nitatazama tena mpaka mwisho. Wakitaka niombe radhi kwa kuona, hiyo sina. Ninayo ya kutoona, mara mbili, na hiyo si ya kikao. Ni ya mama. Nataka aamke na nguvu za kunisikiliza nikimwambia mwenyewe, bila kumpitia mtu.