Koti la Kilimanjaro kwenye Barafu ya Samaki

Asha shoga yangu, hujambo huko Tanga?

Huku Kikwajuni joto halisemeki, na shangazi kakataa nifunge begi la safari yetu ya Kilimanjaro kabla koti halijajaribiwa. "Ukifa na baridi huko juu, mie nimwambie nini mamako?" Na baridi Unguja iko wapi? Kanipeleka sokoni kwa mumewe, muuza samaki, akanifungia ndani ya chumba cha barafu pamoja na majodari. Nilitoka sitetemeki, ila paka walinifuata mpaka nyumbani. Shangazi akalifukiza udi koti. Sasa linanukia kama jodari anayekwenda harusini.

Usinihurumie, mwaya. Langu sijalitoa begini. Nilivaa lile lako uliloniomba nikubebee.

Mungu akufikishe Moshi salama, na mafua kidogo.

Akupendaye,
Ramla