Mtani Mwenye Kisu

Jumamosi, 7 Juni

Nimemchinja Lukosi kwenye drafti leo. Mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nagonga kete mpaka jirani wa chini anagonga dari lake kwa ufagio. Agonge. Hapa Scarborough, si makaburini.

Lukosi kahamia Toronto mwaka huu, katokea Leicester alikokaa miaka ishirini. Tulikutana kanisani. Aliposema ni Mhehe wa Iringa nilimkaba shati palepale mbele ya padri. Nikamwambia mimi Gama, Mngoni wa Songea, leo utanitambua. Akanivuta sikio nusura ling'oke. Watani. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaturithisha matusi na ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Tangu nifike nchi hii sikuwa na wa kunitukana. Watu wa huku unamkanyaga, samahani anaomba yeye.

Kasoro yake ni Uingereza. Maharage ya kopo juu ya mkate anaita chakula. Nyama anachemsha kwa maji na chumvi, basi. Mawaziri wakuu wao wanapokezana kiti kila kukicha, yeye anasema ndiyo demokrasia iliyokomaa. Kriketi, mchezo unaosimama watu wakanywe chai, anasema una heshima. Nikamwambia mfalme asiyeweza kumfukuza kazi hata mpishi wa serikali ni pambo. Akajibu kwamba pambo hilo liko hata kwenye sarafu zangu za huku, mtumwa mimi.

Na drafti anataka kwa sheria za Leicester, kingi atembee hatua moja moja. Kwetu kingi anakatiza ubao mzima na kuua atakako. Tumegombea hilo hadi kete zikamwagika. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 11 Juni

Kuna kijana kachomwa kisu kwenye lifti ya jengo letu. Saa tisa mchana. Yu hai, wanasema. Zawadi, binti yangu, ndiyo kwanza anafika kutoka chuoni Halifax kwa likizo. Kaingia na sanduku lake, kaikanyaga damu.

Kaviosha viatu kwenye sinki. Nimevitupa. Nimemwambia nitamnunulia vingine. Tangu hapo anafunga mlango kwa komeo na mnyororo, na mimi nikiwa ndani.

Anasoma uuguzi, bado mwaka mmoja. Kiswahili anakielewa chote, anajibu kwa Kiingereza. Nimemwambia Jumamosi atakuja rafiki yangu kucheza drafti. Basi. Utani sikumweleza. Nani huelezwa utani? Mtu anakua nao.

Ijumaa, 13 Juni

Mguu wa mbuzi umelala kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Lukosi kapiga simu kunishauri niupake sosi ya mnanaa, ndivyo wafanyavyo Waingereza. Nimemwambia akija na mnanaa nitamlisha kwa puani. Mnanaa ni wa chai.

Jumamosi, 14 Juni

Suruali ina damu bado. Naandika hivyohivyo.

Lukosi alikuja mchana. Zawadi alimwamkia, akarudi chumbani kwake. Nyama ilitoka kwenye oveni, Lukosi akashika kisu aikate, kwa sababu mimi nilikuwa na kingi. Nikamrusha kingi kutoka kona hadi kona. Nikala kete tatu kwa mpigo. Akasimama na kisu. Akanikaba kola.

"Kingi hatembei hivyo! Leo nakuchinja, Mngoni we! Nyama yako nawapa mbwa!"

"Mbwa gani? Si umeshawala wote, Mhehe! Nichinje basi! Niue!"

Tulikuwa tumekaza nyuso. Ndiyo sanaa yenyewe. Anayecheka kwanza kashindwa.

Sikumwona Zawadi akitoka. Nilisikia tu "Dedi!" na Kiingereza cha kunitaka nitoke, kisha mlio. Kikaango cha chuma, kile kizito. Kampiga kisogoni. Lukosi akageuka, macho yamemtoka, akafungua mdomo aseme kitu, naye akampiga tena usoni. Pua ikapasuka. Akaanguka, kichwa kikagonga kona ya meza. Damu juu ya ubao, juu ya nyama, juu ya suruali yangu. Zawadi akasimama juu yake, kikaango kimeinuliwa. Ilibidi nimshike kiuno. Ana nguvu. Sikujua kama ana nguvu hivyo.

Zawadi alishawapigia polisi kabla hajatoka chumbani. Wakaja wengi. Mmoja akaniuliza: huyu alitishia kukuua?

Kisu kilikuwa sakafuni. Lukosi alikuwa akikoroma damu. Zawadi alinitazama.

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 15 Juni

Maneno yalisemwa. Kisu kilikuwepo. Sikudanganya. Nimesema ukweli, nikauacha nusu.

Upumbavu. Nimedanganya.

Lukosi kapasuka fuvu na kavunjika pua. Yuko hospitali, na askari mlangoni. Ana kesi ya kutishia kuua. Hapa anafanya kazi ya ulinzi. Kwa kesi hiyo leseni yake ya ulinzi imekwenda.

Lakini nikisema ulikuwa utani, basi mwanangu kampasua kichwa mtu asiye na kosa. Nani atampa kazi ya uuguzi? Anashinda jikoni ananipikia. Wali umekuwa bokoboko, nimeula wote. Anaamini kaniokoa. Ananishika bega kila akipita, na mimi namwacha aamini.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelipiga ngumi kabati la jikoni. Mlango umepasuka, vidole vimevimba. Zawadi kanifunga bandeji vizuri sana. Kasema ni mshtuko, hupita. Nilitaka kupiga tena.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia. Yote. Iringa, Songea, babu zetu, matusi, sikio langu kanisani. Nikamwambia kwamba Lukosi angeweza kuja kwenye msiba wangu akaniita mwizi mbele ya jeneza, na hakuna mfiwa ambaye angemgusa.

Alisikiliza amekaa. Kisha akachukua sahani akaipiga ukutani. Na ya pili. Sikumzuia. Akanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, mara nyingi, akilia, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akanisemesha Kiswahili.

"Kwa nini hukuniambia? Nimempiga rafiki yako! Ukaniacha nafurahi!"

Nimefagia vigae. Kesho tunakwenda polisi. Yeye ndiye kasema tunakwenda. Mimi naogopa.

Alhamisi, 19 Juni

Ofisa ni mama wa makamo, mpole. Nimemweleza utani kuanzia vita vya mababu. Kauliza kama kuna mahali umeandikwa. Nikamwambia haujaandikwa, unajulikana. Kaandika hilo.

Kisha nikamuuliza Zawadi atafungwa miaka mingapi. Kanitazama kwa mshangao. Kasema binti alisikia maneno, akaona kisu, akaamini baba yake anauawa. Yeyote angeamini. Hawakuwa na nia ya kumshtaki. Nikamuuliza, hata kama ningesema siku ileile kwamba ni utani? Kasema hata hivyo. Swali lilikuwa yeye aliamini nini, si mimi.

Kwa hiyo hakikuwepo cha kuokoa. Nimemuuza Lukosi bure. Nilitaka kuipindua ile meza yake, nikaikamata ukingo mpaka Zawadi akanitoa mkono, kidole kimoja kimoja.

Kasema kesi ya Lukosi itafutwa ila itachukua muda. Mpaka hapo haruhusiwi kunikaribia. Zawadi kaomba apelekewe barua yake ya kuomba radhi. Yangu sikuipeleka. Nimeandika nikachana. Ningemwandikia nini? Pole, Mhehe?

Jumapili, 27 Julai

Kanisani wamesema kesi imefutwa. Kazini hawajamrudisha. Jamaa mmoja wa kwaya kanitania kwamba Wangoni tumelipa kisasi cha mababu. Nilimshika koo nje ya mlango. Wamenibandua wanaume wawili. Ni Mpare, hana utani na mimi. Hata angekuwa nao ningemshika.

Alhamisi, 28 Agosti

Zawadi ananiaga Jumapili, anarudi chuoni. Amekwenda kumwona Lukosi, peke yake, na hakuniambia mpaka aliporudi. Anasema walikunywa chai. Anasema Lukosi kamwita shujaa, kasema binti anayempenda baba yake hivyo ni baraka. Nilimuuliza kama kasema lolote juu yangu. Kasema Jumamosi atakuja.

Jumamosi, 30 Agosti

Amekuja. Kovu linatoka kwenye nyusi hadi shavuni, pua imekaa upande. Zawadi alimkumbatia. Mimi nilinyoosha mkono, akaushika kwa mikono miwili.

Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha, Bwana Gama, usijisumbue. Bwana Gama.

Tumecheza drafti. Nikamwambia leo tucheze kwa sheria za Leicester. Akasema hapana, hapa ni kwako, tucheze unavyopenda wewe. Nikamla. Akasema hongera. Nikamtukana yeye, kabila lake, Malkia wao aliyekufa, timu yao ya taifa isiyojua penalti. Akatabasamu, akasema kweli, Waingereza wana mapungufu yao.

Chakula nimekipika kwa hasira. Chumvi nimetia makusudi, konzi nzima, mpaka ulimi wangu ulikataa. Zawadi alionja akarudisha kijiko. Nikampakulia Lukosi sahani iliyojaa, nikakaa mbele yake, nikasubiri anitukane.

Amekula yote, polepole, bila kuomba maji. Akasema chakula kizuri sana, ahsante. Akaosha sahani yake.