Nyama yangu muiache kwa sahani

Sandrine,

Niko naenda kwa muganga wa meno, nitarudi mangaribi. Sombe, ile ya majani ya muhogo, iko tayari mu sufuria. Mudogo yako Dorcas akitoka masomo, akule kwanza, kisha aanike nguo. ~~Nyama ya mbuzi ya leo muikule yote.~~ Hapana, ngoja.

Asubuhi, tukimaliza nyama ya jana, papa yenu alitoa kipande kwa sahani yangu akakupa weye, akasema: "Mama hapendake nyama." Mukacheka wote. Nikaenda ku jiko, ili musione macho yangu.

Napenda nyama, Sandrine. Nawapatiaka yangu juu ya meno: inakataa kutafuna. Lile jino la nyuma waliling'oa wakati nilikuwa na mimba ya Dorcas. Papa akasema tundu haionekani, tuache vile. Sasa meno ya pembeni imelalia ile nafasi, ile ya juu imeshuka, na kila nikitafuna najiuma shavu. Muganga anasema ataweka jino mupya akisha kunyoosha ile ingine na waya, kazi ya miezi mingi.

Kwa hiyo leo mangaribi, mutie nyama yangu kwa sahani yangu. Hata nikishindwa kuitafuna, mutu asiitoe pale.

Mama yenu