Kusoma na Mtoto Mgongoni

Jumatatu, 4 Machi 2024

Tuelo wangu kanivunja mbavu sasa hivi! Kafunga chupa ya sabuni mgongoni kwa taulo, kaketi kizingitini, kafungua kitabu changu cha alama za barabarani — juu chini. Nikamwita. "Shii, mama, mtoto amelala." Miaka minne tu! Ndivyo anavyoniona kazini: mtoto wa tajiri mgongoni, kitabu mkononi.

Mama Aone, tajiri wangu, yeye hacheki. Leo kabla ya kwenda kazini benki katoa sheria. Simu yangu ikae juu ya friji, imezimwa, mpaka arudi. Sawa. Simu nakubali, humeza mtu mzimamzima. Lakini na kitabu! Ati yaya asome akishatoka kazini. Nikamwambia, mma, bibi yangu, mtihani wa leseni ni tarehe kumi na tano. Akasema mtoto halelewi kwa jicho moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu, Mungu shahidi. Kitabu chini ya godoro. Aone kwenye mkeka na midoli yake, mimi namtazama kama televisheni. Nusu saa. Akameza uzi wa zulia mbele ya macho yangu! Macho yalikuwepo, akili ilishalala.

Nikamfunga mgongoni. Kimya. Akijinyoosha najua. Akipata joto najua kabla ya kipimo. Huko nyuma macho ya nini? Nikachukua kitabu.

Gorata, yaya wa jirani, akachungulia juu ya ukuta. "Soma, mwenzangu, soma! Utaendesha nini, toroli?" Nikamjibu: basi la watoto wa shule, la mama mmoja wa kanisani kwetu. Kaahidi kunichukua nikipata leseni. "Na wewe utanipungia mkono nikuonee huruma!" Tukacheka. Ila Gorata naye na simu yake... juzi mtoto anayemlea kaokotwa getini anakula mchanga.

Alhamisi, 7 Machi

Makubwa! Kumbe ile kamera mpya ya sebuleni, Mama Aone anaiona kazini kwenye simu yake. Saa nne akachungulia: mimi nimeketi, nasoma. Mkeka mtupu. Aone hayupo! Kamera inanitazama usoni — mtoto yuko nyuma. Akanipigia. Simu iko juu ya friji, imezimwa, kwa amri yake mwenyewe.

Kaacha kikao. Kafika anahema, kiatu kimoja mguuni. "Mtoto wangu yuko wapi?" Niligeuka tu. Aone kajilalia, mate yananitiririka shingoni.

Akakaa chini sakafuni, akalia. Nilimhurumia, mama ni mama. Alipojifuta machozi ndipo akanigeukia: nimevunja sheria, ataamua kama nibaki au niende. Niende wapi na Tuelo? Lakini nikamjibu, polepole: "Mma, wewe ulikuwa na simu. Mimi nilikuwa na mtoto."

Sijuti.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Aone hakwenda kazini. Leo atamlea mwenyewe, anasema, nijionee mtoto anavyotazamwa. Jioni atanipa jibu langu. Mimi nikae chumbani kwangu huku uani. Haya! Nimekaa. Nasoma mlango wazi, nani atanizuia, siko zamu. Nimefika kwenye mizunguko: anayetoka kulia apewe njia.

Tangu asubuhi nawasikia. Nyimbo. Njuga. Aone analia. Simu inaita — watu wa benki — anawaambia subirini, subirini. Aone analia zaidi. Nimejishika magoti nisinyanyuke. Kilio kile nakijua, ni cha usingizi. Hamlazi! Kamkalisha mkekani, anamtazama tu.

Nyayo uani. Huyo anakuja. Aone kwapani, simu sikioni, blanketi la kubebea linaburuta vumbi. Kasimama dirishani, sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi: "Keneilwe, mdogo wangu, hebu nifungie huyu mgongoni. Nina karatasi za kusoma, wanazitaka saa nane."

Karatasi za kusoma!

La jioni silijui bado. Lakini nikimfunga vizuri, akasikia ile pumzi mgongoni, akashika karatasi zake kwa mikono miwili — "Keneilwe!" — nakuja, mma! — basi nadhani hata yeye ataona kwamba huko nyuma macho hayahitajiki.