Uzi Mwekundu Chini ya Kiondo

Mumbuni, Machakos

Mama Mutheu,

Tangu tulipokuzika nimekuandikia mara moja tu, na barua ile niliichoma kwa sababu ilijaa malalamiko. Hii nitaimaliza. Inahusu kiondo chako, kile ulichokisuka ukiwa na mimba ya Mutheu.

Baada ya mavuno alikuja bibi mmoja kutoka lile jumba kubwa la makumbusho la Nairobi. Walikuwa wakitayarisha maonyesho ya kazi za mikono ya wanawake. Alisema ni ya miezi mitatu tu, kisha kila kitu kitarudishwa kwa mwenyewe. Neno "tu" halikunipendeza. Jirani yetu aliazima shoka letu kwa siku mbili tu, nawe unajua hata mpini hatukuuona tena.

Nilikataa. Kisha nikakumbuka siku tulipowapeleka wanafunzi wangu huko. Ulisimama mbele ya kiondo kilichofungiwa ndani ya kioo, na kadi yake ilisema: Kiondo, Wakamba. Uliniuliza kwa sauti ya chini, "Na aliyekisuka hana jina?" Nilicheka. Tangu ufe swali hilo haliniachi.

Basi nikamwambia yule bibi kwamba nitakubali iwapo jina lako litaandikwa kwa ukamilifu. Alikubali mara moja. Upesi mno, nikaona.

Siku ya kukichukua nilisoma mkataba mara mbili. Mutheu alikitoa kiondo chumbani, akakiweka mezani, yule bibi akakipiga picha juu na chini. Nikatia sahihi. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake, kwenye mkoba wake, kwa dereva wake aliyesimama mlangoni. Kiondo chenyewe sikukitazama.

Wiki iliyopita nilikwenda kukuona. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nakwenda kukuona. Kadi ilikuwa na majina yako yote matatu, bila kosa. Chini ya kiondo walikuwa wameweka kioo cha kujitazamia ili watu waone kitako chake. Nikainama. Uzi mwekundu haukuwapo.

Wewe hukuanza kiondo cha nyumbani bila uzi mwekundu uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu. Vya kupeleka sokoni hukuvitia. Niliinama hadi mlinzi akaniambia, "Mzee, songa kidogo, na wengine waone."

Nilimtaka yule bibi aje. Nikamwambia, mbele ya wageni, kwamba wamebadilisha mali ya marehemu. Hakubishana. Alileta faili, akanionyesha picha: meza yetu, kitambaa ulichokitarizi, kiondo kimepinduliwa, kitako kisicho na uzi mwekundu. Ukurasa wa pili ulikuwa na sahihi yangu.

Niliondoka bila kuomba radhi. Hilo ndilo lililonizuia kulala, si kiondo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mutheu akipukuchua mahindi. Hakuinua uso. "Baba, wiki nzima ulikuwa ukisema hawa watu hawarudishi kitu. Nikawapa changu." Chako kilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya blanketi lako. Nilikigeuza. Uzi ulikuwapo.

Mama Mutheu, sikujua kwamba anaweza kusuka. Kile chake alikisuka mwaka ule ulipougua, ukiwa umeketi karibu naye, ukimsahihisha kwa kidole kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilidhani mnakaa kimya tu.

Nilimwambia kwamba pale makumbusho mama mmoja alikisifu sana, akasema wanawake wa zamani walikuwa na mikono ya ufundi. Mutheu akacheka, akasema kumbe amezeeka bila kujua. Kisha akalia, nami nikakosa pa kuweka mikono yangu.

Sasa jina lako liko chini ya kazi isiyo yako, na kazi ya mwanao haina jina. Darasani, mtoto aliyeandika jina lake juu ya kazi ya mwenzake nilimwita mwizi, bila kumsikiliza.

Nilimwambia Mutheu tukipeleke cha kweli. Akauliza, "Kikipotea, tutabaki na nini cha Mama?" Sijawaamini wale watu hata sasa, ingawa hawakunikosea. Lakini nilikwisha kukucheka mara moja mbele ya kadi isiyo na jina, na sitaki kurudia.

Tumekubaliana tukipeleke. Jumanne tutakwenda sote wawili. Nitaanza kwa kumwomba yule bibi radhi, mbele ya wageni, kama nilivyomtukana. Kisha nitaomba kadi mbili, moja yako na moja ya Mutheu. Kabla ya kutia sahihi nitakigeuza kiondo chako na kuuweka uzi mwekundu chini ya kidole changu. Siku ya kurudishiwa nitakuwa kwenye lango la makumbusho kabla halijafunguliwa, nitakigeuza tena, na nitakuja nacho hadi kaburini ukione.

Wengine huwatakia marehemu wao usingizi mzito. Mimi sikutakii, si kabla ya siku hiyo. Kaa macho huko uliko, ukitazame.

Mumeo,
Baba Mutheu