Mume wangu chini ya tangi la samaki

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni nacheka mpaka machozi.

Unalijua lile kabati la mbao linalobeba tangi la samaki? Maji yamelivujia mpaka mguu mmoja umeoza. Nikamwambia mume wangu aite seremala. "Seremala wa nini? Kwani mimi si mwanamume?"

Akaung'oa mguu kabla ya kupunguza maji. Tangi LIMEJAA, shoga! Limejaa pomoni!

Kabati likainama. Akajitupa chini, akalibeba kwa mgongo, kapiga magoti kama ngamia. "Ndoo! Leta ndoo!"

Nakimbilia ndoo, mlango unagongwa. Baba yangu! Na unajua mume wangu anavyomwogopa kuliko polisi.

Sauti ikatoka chini ya kabati: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Nimeshikilia samaki, baba."

Nimeshikilia samaki!! Nikafa.

Mzee hakucheka. Akakunja mikono ya shati, tukachota maji mpaka tangi likawa jepesi, akasukumia matofali mahali pa ule mguu. Bwana akatoka amelowa chapachapa. Baba akamkagua juu mpaka chini, kisha akanigeukia:

"Mwanangu, nilidhani nimekuoza kwa mume. Kumbe nimekuoza kwa nguzo."